Pedi za hoki za mtumba zinanuka mpaka jirani kagonga mlango. Nisaidieni kabla ya Jumamosi

1. MamaGolikipa
Habari za jioni wakuu.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Shuleni kwao wameanzisha hoki, na yeye kapewa goli kwa sababu ni mrefu na haogopi mpira. Mjomba wake akaenda Karume, akarudi na seti nzima: pedi za miguu jozi moja, kinga ya kifua, na glovu mbili ambazo si pacha. Zote elfu hamsini. Tukashangilia. Balaa likaanza tulipofungua kiroba sebuleni.

Harufu yenyewe chukua dagaa walionyeshewa, weka na soksi za mlinzi wa zamu ya usiku, funga ndani ya gari lililoegeshwa juani. Siku ya tatu jirani wa mlango wa pili akaja kuuliza kwa adabu kama kuna panya kafia kwetu.

Nimeshafua kwa sabuni ya unga ndoo mbili. Nikakamulia ndimu kumi. Nikaanika siku mbili, lakini na masika haya kila nikitoa nje mvua hiyo. Mwisho nikapulizia manukato ya baba watoto, sasa ni dagaa wanaokwenda harusini. Jumamosi mtoto ana mechi ya kirafiki Lugalo. Tunakaa ghorofa ya tatu Tabata, uani ni kwa mwenye nyumba. Nifanyeje?

2. Mla_Urojo
Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

3. Kijana_Mbagala
Mama, Jiki. Nusu lita kwenye beseni, loweka usiku kucha, asubuhi unasahau kama zilinuka.

4. Nesi_Zamu
Mama usimsikilize #3. Jiki kali hivyo inakula nyuzi na sponji, mtoto atadaka mpira kwa mfupa. Halafu umesema zina ndimu kumi ndani. Jiki ikikutana na ndimu au siki inatoa gesi ya klorini, na wewe uko ghorofani na bafu la dirisha dogo. Suuza kwanza hiyo ndimu yote, ndipo tuongee.

5. Kijana_Mbagala
Bibi yangu anachanganya miaka yote na yuko hai, ana miaka 81.

6. Nesi_Zamu
Bibi yako anasuuzia uani penye upepo. Mfungie bafuni uone.

7. Mkemia_wa_Mtaa
Tusaidiane kwa akili. Jasho bichi halina harufu ya kutisha. Kinachonuka ni bakteria wa ngozi wanaolila lile jasho na mafuta ya mwili, wakitoa asidi kama ya isovaleriki, ndiyo hiyohiyo ya miguu iliyoshinda ndani ya raba na ya jibini iliyooza. Manukato yanaifunika tu, chini wenzako wanaendelea na pilau.

Fanya hivi: siki nyeupe ya dukani kikombe kimoja kwa maji vikombe viwili, paka kwa kitambaa upande unaogusa mwili, acha dakika ishirini, suuza, kisha sabuni kidogo na mswaki mkuukuu kwenye mikanda na kwenye mishono. Baada ya hapo kazi ni moja: kukausha. Bakteria bila unyevu hana maisha. Na usianike juani kutwa, jua kali linafanya sponji iwe kama mkate mkavu. Feni inatosha.

8. BondiaMstaafu
Nimesoma #7 nikacheka kwa uchungu. Sisi kwenye gym yetu Manzese jozi moja ya glovu ilikuwa inavaliwa na watu kumi na nne kwa jioni moja. Kuna siku nilipigwa jabu nikaona nyota, mwalimu anauliza imeingia wapi, namwambia haijanigusa kocha, imepita karibu na pua.

Dawa yetu: ukimaliza zoezi kunja gazeti, jaza ndani mpaka kwenye vidole, baada ya saa moja toa (litakuwa limelowa kama kitambaa cha deki), weka jingine, lala nalo hivyo. Asubuhi unaingiza soksi iliyojaa vipande vya mkaa. Glovu zangu za mwaka 2009 mwanangu anazivaa mpaka leo.

9. Mkemia_wa_Mtaa
#8 gazeti nakubali. Mkaa ndiyo tugombane. Unaonyonya harufu sawasawa ni ule uliotengenezwa maalumu, wenye vitundu vingi sana ndani yake. Huu wa gunia unanyonya kidogo tu, na unachafua kitambaa.

10. BondiaMstaafu
Mkemia njoo unuse glovu, acha makaratasi.

11. Bibi_Tende
Hamjambo wanangu. Mbona hakuna aliyetaja udi? Nguo hufukizwa tangu enzi na enzi. Weka makaa mawili kwenye chetezo, tupia udi na ubani, hizo pedi zifunike juu ya kiti cha ukindu moshi uingie ndani. Ila ziwe zimekauka. Ukifukiza kitu kibichi unakipika.

12. Kijana_Mbagala
Bibi, mabeki wa timu pinzani wakisikia udi golini watajua kuna mambo 😂

13. Bibi_Tende
Si ndiyo vizuri, wasisogee.

14. Uzalendo_Kwanza
Mimi nimefurahi tu kuona hoki inarudi. Watoto wa siku hizi hawajui kwamba hoki ilituletea medali Olimpiki ya Moscow 1980.

15. Mzee_wa_Upanga
Kijana #14, medali za Moscow 1980 zilikuwa mbili, zote za fedha, na zote ni riadha: Filbert Bayi mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui mita 5000. Hoki ya wanaume tulikwenda kweli, timu zilikuwa sita na sisi tukashika ya sita. India walitufunga 18 kwa 0, na wao ndio waliobeba dhahabu. Sisemi kwa kubeza. Kufika pale ni jambo, na golikipa aliyekula kumi na nane akaendelea kusimama mimi namvulia kofia.

Kuhusu mada. Zamani pedi zilikuwa turubai na ngozi, ndani yake sufi na fito, kama za kriketi. Sufi hainywi maji ovyo. Tulizipaka chokaa nyeupe, tukazisimamisha ukutani barazani, basi. Uvundo huu umekuja na haya masponji yenu.

16. Mla_Urojo
18-0 halafu mnasema kipa ananuka pedi, mipira ilipita upande gani?

17. Dobi_Sinza
Mimi hii ndiyo kazi yangu mwaka wa kumi na moja, nimeletewa mpaka zulia lililotapikiwa na mbuzi. Swali kwa mleta uzi kabla ya siki na udi: umefulia maji gani? Ya bomba au ya kisima?

18. MamaGolikipa
Asanteni wote. #17 ni ya kisima, ya bomba wiki hii hayajatoka. Ya chumvi kidogo.

19. Dobi_Sinza
Nilijua. Maji ya chumvi sabuni haitoi povu, inagandana inakuwa utando mweupe, na huo utando unabaki ndani ya sponji na kushika uchafu. Halafu chumvi yenyewe inavuta unyevu wa hewani. Angalia kidau chako cha chumvi jikoni masika hii, si imegandamana? Basi pedi zako zimekuwa kidau. Unaanika zinakauka juu, usiku zinanywa tena hewa. Nunua maji ya bomba madumu mawili ya lita 20, ya kusuuzia tu. Usiongeze sabuni hata chembe.

20. Chumvi_ya_Kunduchi
Natoa ushahidi. Mimi shingadi zangu za mpira wa miguu nilizisuuza baharini nikijua chumvi inaua wadudu. Zilikuwa hazikauki. Wiki ya pili vifungo vya chuma vikala kutu, vikaacha duara la kahawia mguuni, mke wangu akadhani ni tatuu.

21. Mkemia_wa_Mtaa
#19 hoja nzuri ya chumvi, lakini haielezi kwa nini zilinuka tangu kiroba kinafunguliwa, kabla hazijaguswa na maji.

22. Dobi_Sinza
Sikusema ndiyo yaliyozinukisha. Nasema ndiyo yanayozuia zisitoke.

23. Shangazi_Mkali
Mleta uzi hebu nambie, harufu inachoma pua kama ya choo cha stendi? Kama inachoma, huyo ni paka. Mtumba unakaa ghalani huko miezi, paka anapita anaweka sahihi yake. Mkojo wa paka hautoki kwa siki wala kwa nani.

24. Nesi_Zamu
Si lazima paka. Hata jasho lina urea, bakteria wakiivunja inatoka amonia.

25. Shangazi_Mkali
Nesi wewe umesomea watu. Mimi nimefuga paka sita.

26. MamaGolikipa
Inachoma kidogo, zaidi upande wa glovu ya kushoto. Sisi hatuna paka. Jirani (huyohuyo aliyeulizia panya) anao watatu.

27. Shangazi_Mkali
Sina la kuongeza.

28. Mla_Urojo
Weka picha tuone mgonjwa.

29. MamaGolikipa
[picha] Hizi hapa. Msicheke maandishi. Mjomba wake anasema aliyemuuzia alimwapia ni za chama.

30. Kijana_Mbagala
CCM???? 😂😂😂 Pedi za hoki za CCM! Kumbe ilani ina ukurasa wa magolikipa!

31. Uzalendo_Kwanza
Mbona sio kijani?

32. Mla_Urojo
Mods uzi huu upelekwe jukwaa la siasa haraka.

33. Msimamizi
Uzi unabaki hapahapa. Utani wa vyama peleka kwenye jukwaa lake, nimeshafuta mawili.

34. Mbongo_Toronto
Nimecheka mpaka mwenzangu wa kazini kauliza kuna nini. Wakuu, CCM hiyo ni kampuni ya Kanada, kirefu chake ni Canada Cycle & Motor, ya mwaka 1899. Walianza na baiskeli, baadaye wakahamia viatu vya kutelezea na vifaa vya hoki ya barafu. Huku kila mtoto wa mtaani anayo jezi au kofia yao.

Kwa hiyo mama, hizo si pedi za hoki ya nyasi, ni za barafu. Ndiyo maana chini hazina kile kiatu cha povu cha kupigia mpira, kwa sababu kipa wa barafu anavaa kiatu chenye chuma. Jumamosi muulize mwalimu kama wana kika (ndivyo viatu hivyo vya povu) za kumwazima, asisimame golini na raba tupu, ule mpira ni mgumu kama jiwe.

Na kuhusu harufu, pole, umeinunua harufu inayojulikana nchi nzima. Huku watu wanaweka vifaa chumba cha chini ya nyumba, vimetundikwa kwenye mti wa mbao kama nguo za maonyesho, feni inapuliza usiku kucha. Kinga ya kifua na ya viwiko tunaloweka kwenye sinki la kuogea, maji ya uvuguvugu na sabuni, unakanyaga kwa miguu kama unafua blanketi. Maji yanageuka rangi ya chai, unamwaga, unarudia mpaka yatoke meupe. Lakini pedi za miguu za kipa HAZILOWEKWI. Ndani zina tabaka za povu na gundi, zikinywa maji hukaushi wiki nzima. Unafuta upande wa ndani, basi.

35. MamaGolikipa
Mungu wangu. Mimi nimezizamisha kwenye pipa.

36. Mbongo_Toronto
Ooh.

37. Mkemia_wa_Mtaa
Sasa picha inakamilika. Povu lipo la aina mbili: lenye vitundu vilivyoziba, halinywi, na lenye vitundu wazi, hilo linakunywa kama sponji ya kuoshea vyombo. Uso wa pedi ya mguu ni la kwanza, kifua na bitana ya glovu mara nyingi ni la pili. Na lile la pili likizeeka na kukaa kwenye joto na unyevu linaanza kuvunjika lenyewe, linanata na kutoa harufu yake, haina uhusiano na jasho. Mama, bonyeza bitana kwa kidole gumba. Ikirudi juu ni nzima. Ikibaki na shimo, au kidole kikinata, hilo povu limekufa, siki haifufui.

38. MamaGolikipa
Nimebonyeza zote. Kifua kinarudi. Glovu ya kulia inarudi. Ya kushoto imebaki na alama ya gumba na imetoa unga wa njano.

39. Shangazi_Mkali
Njano.

40. Mkemia_wa_Mtaa
Njano ya povu lililokufa, shangazi!

41. Mzee_wa_Upanga
Jambo jingine apime upana. Kanuni ya hoki ya uwanjani, pedi ya mguu isizidi milimita 300.

42. Mbongo_Toronto
Mzee yuko sahihi kutaja hilo. Ligi kubwa ya barafu ya huku, NHL, iliruhusu inchi 12 mpaka mwaka 2005, wakashusha kuwa 11. Inchi 12 ni kama milimita 305, tayari umepitiliza. Chukua futi ya fundi cherehani.

43. MamaGolikipa
Sentimita 26. Afadhali kitu kimoja kimekaa sawa leo.

44. Kijana_Mbagala
Nina wazo na hili ni la kisayansi: friza. Baridi inaua bakteria. Mimi raba zangu naweka usiku kwenye friza.

45. Nesi_Zamu
Haiwaui, inawalaza tu. Ukizitoa zikapata joto la mguu wanaamka na njaa.

46. Kijana_Mbagala
Sasa mbona hazinuki asubuhi?

47. Mla_Urojo
Kwa sababu pua yako nayo imeganda.

48. Mama_Barafu
Nimepita tu jamani. Kijana wa #44, hiyo friza ya kwenu ndiyo mnayouzia barafu za ukwaju?

49. Kijana_Mbagala
Tuendelee na mada.

50. BondiaMstaafu
Kuna jambo hatujaligusa. Wacheza maigizo wa Ulaya wanapulizia vodka nguo za jukwaani zisizofulika, inakauka inaondoka na harufu. Sisi tuna Konyagi.

51. Nesi_Zamu
Konyagi ni asilimia 35. Ya kuua vijidudu ni kama 70. Anunue spiriti ya duka la dawa, apulizie kidogo kwenye bitana, mbali na jiko, aache ikauke. Na jambo la maana kuliko harufu: mtoto asivae pedi za mtumba kwenye ngozi tupu. Avae soksi ndefu na fulana ya mikono mirefu chini, ile ndiyo ya kufua kila siku. Akiwa na mchubuko ufunikwe kwanza. Vifaa vya jasho vinavyovaliwa kwa zamu vinaleta majipu, nimeshawapokea wacheza mieleka na wanafunzi wa bweni.

52. BondiaMstaafu
Majipu ni kweli. Mimi nina kovu kwenye kiwiko.

53. MamaGolikipa
Mrejesho wa Ijumaa usiku. Nimenunua madumu mawili ya maji ya bomba. Kifua nimekikanyaga kwenye beseni kama alivyosema wa Toronto, mara ya kwanza yametoka rangi ya chai ya rangi kabisa, na juu yakaelea manyoya meupe sijui ya nini. Mara ya nne yakawa meupe. Nikapaka siki, nikasuuza. Pedi za miguu, kwa vile nilishazizamisha, mume wangu kazisimamisha mbele ya feni, katoboa upande wa chini kwa sindano ya gunia zichuruzike. Zilitoa maji karibu kikombe. Gazeti kwenye glovu nimebadilisha mara tatu. Umeme ulikatika saa mbili hivi, tukapepea kwa ungo kwa zamu mimi na binti. Bibi #11, udi nimeweka mwishoni kabisa kwa usalama.

Kifua sasa kinanuka siki na udi, kama achari. Miguu inanuka kidogo ukisogeza pua. Kushoto bado.

54. Dobi_Sinza
Ni yale maji. Nilisema.

55. Mkemia_wa_Mtaa
Ni siki na feni.

56. Bibi_Tende
Kila mtu achukue chake.

57. Mzee_wa_Upanga
Matokeo ya mechi je?

58. MamaGolikipa
Jumapili njema. Wamefungwa nne bila. Moja kati ya hizo ilipita katikati ya miguu, ila aliokoa pigo moja la kona kwa pedi ya kulia mpaka wakubwa wakapiga makofi. Mwalimu akamwazima kika na glovu ya kushoto. Ile ya kwetu tumeiacha nyumbani nje ya mlango, kwenye korido.

59. Shangazi_Mkali
Kwenye korido. Na paka watatu.

60. MamaGolikipa
Nimerudi Jumanne kutoa taarifa. Usiku imenyesha, asubuhi miguu imeanza tena kunukia kwa mbali. Glovu ya kushoto nimekuta paka mmoja kalala juu yake, amejikunja raha mustarehe.

61. Shangazi_Mkali
😌

62. Mkemia_wa_Mtaa
Paka anapenda sponji laini, hiyo si ushahidi wa lolote.

63. Dobi_Sinza
Miguu kurudia kunuka mvua ikinyesha ni chumvi hiyo inavuta unyevu. Mama, umezisuuza za miguu kwa maji ya bomba au kifua peke yake?

64. MamaGolikipa
Kifua peke yake, madumu yaliisha.

65. Dobi_Sinza
Haya.

66. Mbongo_Toronto
Ama maji bado yamo ndani. Mimi ningeacha feni siku tano kabla ya kulaumu chumvi.

67. Kocha_wa_Mtaani
Samahani kuingilia, nimesoma uzi wote kwenye daladala. Mjomba alizipata upande gani wa Karume? Kuna zingine pale? Nina vijana wawili, natafuta glovu, ya kushoto.